Kiboko Aliyepanda Basi la Kibara

Asubuhi, hata kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, Yunis alikuwa ameshaanza kuongea. Aliongea akifagia uwanja, aliongea akiosha vyombo, na hata akipiga mswaki aliongea na povu mdomoni. "Mwanangu, upumzishe huo ulimi," mama yake alimwambia. Wapi! Mtaa mzima wa Manyamanyama, pale Bunda, ulijua kuwa Yunis wa darasa la sita ameamka.

Kwa hiyo Madam Sabina, mlezi wa klabu ya filamu shuleni, alipotafuta msemaji, hakuhangaika. Klabu ilikuwa imetazama filamu fupi ya katuni kwenye kompyuta yake. Ilihusu mtoto wa kiboko anayeogopa maji, na haikuwa na neno hata moja. Wenzake wanaogelea, yeye anabaki ukingoni. Mwishoni anatumbukiza mguu mmoja, na filamu inaishia hapo hapo. Watu waliipenda mno, hata ikatengenezwa upya ikawa filamu ndefu, ya zaidi ya saa nzima. Jumamosi ya wiki iliyofuata wangekwenda kukutana na klabu ya shule moja ya Butiama ili wazilinganishe filamu hizo mbili.

"Yunis, wewe utasimama kwa niaba yetu," Madam alisema. "Lakini ile ndefu uitazame kwa macho yako. Nimempa Mihayo aionyeshe kwenye banda lake la video Jumapili mchana."

Yunis alirukaruka kwa furaha. Bibi yake aliishi Butiama, naye Bibi hakuwahi kumsikia akizungumza mbele za watu! Jioni hiyo alimpigia kwa simu ya mama.

"Nitakuja na kanga yangu mpya," Bibi alisema. "Nitakaa mbele kabisa, wote wajue wewe ni wa kwangu."

Jumapili Yunis aliwahi bandani. Nje, rafiki yake Robi na wenzake walikuwa wakicheza rede, na walipungukiwa mtu mmoja. "Njoo kidogo tu!" Robi alimwita. Hicho kidogo kikarefuka. Filamu ikaanza, Yunis bado anakwepa mpira. Hakujali, maana spika ilikuwa imening'inizwa mlangoni, na Mihayo, kama kawaida yake, alikuwa ameshika maiki akitafsiri filamu kwa Kiswahili.

"Sasa kiboko wetu kachoka kuchekwa!" Mihayo alinguruma. "Anapanda basi la Kibara, aende kwa shangazi yake! Siti ya nyuma yote kaijaza peke yake!"

Watu ndani waliangua kicheko. Mbona ninasikia kila kitu, Yunis aliwaza. Kutazama na kusikia vina tofauti gani? Akaendelea kucheza mpaka watu wakatoka.

Jumatatu Madam alimuuliza, "Umeitazama?"

"Ndiyo, Madam. Yote!" Jibu lilimtoka upesi mno. Akatoka mbio kabla hajaulizwa la pili.

Jumamosi ukumbi wa shule ya Butiama ulijaa. Bibi alikuwa mbele kabisa, kanga yake ya njano bado ina mikunjo ya dukani. Yunis alianza vizuri. Alieleza filamu fupi mpaka watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Kisha akasema, "Ile ndefu imeongeza safari. Kiboko anapanda basi la Kibara, anakwenda kwa shangazi yake."

Mvulana wa Butiama aitwaye Edwin akanyoosha mkono. "Samahani, dada. Sisi tumeitazama ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini. Hakuna basi. Wala shangazi hayumo."

Kicheko kikalipuka. Robi, aliyekuja na klabu, alijifunika uso kwa mikono. Masikini Yunis! Mihayo alikuwa amejitungia yake, kama anavyowachekeshaga watu siku zote, na walioketi ndani walijua hivyo kwa kuwa waliona picha. Uongo mwingine ulimjia Yunis mdomoni, kwamba filamu yao ilikuwa tofauti. Akamtazama Bibi. Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa anamsubiri tu.

"Sikuitazama," Yunis alisema. "Nilikuwa nje nikicheza rede, nikisikiliza spika. Madam, nilikudanganya. Naomba unisamehe."

Madam Sabina alisimama. "Ile ndefu tulipanga kuionyesha mwishoni," alisema. "Tuionyeshe sasa. Kaa, Yunis. Ukiwa na la kusema baadaye, utasema."

Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea, Yunis alikaa zaidi ya saa nzima bila neno. Na aliyoyaona! Mafuriko yalikuwa yamemchukua kaka wa yule mtoto wa kiboko. Kumbe ndiyo sababu ya woga wake. Kila siku mama yake alisimama majini, akimsubiri bila kumwita. Pale kwenye kimya ndipo Mihayo alipokuwa ameweka basi lake.

Taa zilipowaka, Yunis alisimama, macho yamelowa. "Filamu fupi inatuachia mguu mmoja majini, sisi wenyewe tumalizie," alisema. "Ile ndefu inatuonyesha woga ulikotoka, tena inatupa mama. Lakini mwishoni yule mtoto anaogelea, halafu sherehe, ngoma, kelele nyingi! Mimi bado naupenda ule mguu mmoja."

"Mimi naipenda sherehe!" Edwin alipaza sauti.

Basi ukumbi ukagawanyika, wa mguu huku, wa sherehe kule, kila mtu na hoja yake. Hata walimu walibishana. Mtu angedhani ni mpira.

Walipotoka nje, Madam alimshika Yunis bega. "Ungesema uongo wa pili, ungehitaji wa tatu," alimwambia. "Ukweli umekupa nafasi ya kuanza upya. Kuanzia leo, uzungumzie ulichokiona. Usichokiona, sema hujakiona."

"Mimi nilikuwaga najua mjukuu wangu anaweza kuongea," Bibi alisema, akimkumbatia. "Leo nimeona anaweza na kunyamaza, na kusema kweli mbele za watu. Nimefurahi sana." Kisha akamnong'oneza, "Lakini hebu niambie, yule kiboko wa kwenye basi alishukia wapi?"

Yunis alifungua mdomo, hadithi nzima imeshajipanga kwenye ulimi. Akaufunga, akacheka.

"Sijui, Bibi," alisema. "Sikumwona."