Nywele Tu, Ndevu Niachie

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia kwenye duka la kinyozi la baba yake kufagia nywele. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku hizi alifagia kimya, maana kuna jambo lililomkaa rohoni.

"Nywele tu, ndevu niachie," alisema fundi viatu, mteja wa miaka mingi, huku akigeuza uso kuelekea ukutani.

Mwalimu wa hesabu naye alikuwa amesema vivyo hivyo. Baba, aliyesifika mtaa mzima kwa kunyoa ndevu, alidhani viwembe ndivyo vibovu. Akabadilisha aina, wapi! Sasa alikuwa akizungumzia kufunga duka.

Chiriku alijua kisa. Kunyoa ndevu ni kazi ya uso kwa uso, na mdomo wa baba ulikuwa unanuka. Peremende alizomumunya kutwa hazikufua dafu. Wateja waliona haya kumwambia, na yeye aliogopa kumvunjia heshima. Fundi viatu alipoondoka, akajikaza.

"Baba, usinikasirikie. Viwembe havina kosa. Mdomo wako unanuka, ndiyo maana watu wanakwepa."

Baba aliketi kwenye kiti cha wateja. Aliumia, ilionekana wazi.

"Tangu lini?"

"Muda mrefu, baba. Nisamehe."

"Fizi zinanitoka damu," alisema taratibu. "Nikaacha kupitisha mswaki kwenye meno ya nyuma. Ngozi ikitoka damu, wembe unakaa mbali mpaka pakauke. Si ndivyo?"

Kesho yake walikwenda pamoja kwa daktari wa meno, mama mmoja mcheshi. Alichungulia, akasikiliza sheria ile ya wembe, akacheka kidogo.

"Mzee wangu, hiyo ni ya kidevuni. Fizi zako zinatoka damu kwa sababu ya uchafu ulioganda chini yake. Ukipakimbia, uchafu unazidi, harufu haiishi, na mwisho meno yanalegea. Mimi nitakusafisha. Wewe piga mswaki polepole asubuhi na usiku, hapo hapo penye damu."

Baba alirudi kwa daktari mara kadhaa na kufuata masharti. Damu ikakoma, harufu nayo ikaenda zake.

Fundi viatu alipokuja tena, baba hakungoja aulizwe.

"Nilikuwa nanuka mdomo, ndugu yangu. Nimetibiwa. Ulijua, ukaninyamazia."

Fundi viatu aliinamisha kichwa. "Niliona haya, bwana."

"Haya zenu nusura zinifungie duka. Aliyeniokoa ni huyu mtoto. Aliniambia ukweli, tena kwa adabu, tukiwa wawili tu." Akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, ukimpenda mtu, usimwache aaibike kwa sababu wewe unaona haya kusema. Na mwili ukikuonyesha damu, usijibahatishie kama mimi. Muulize anayejua."

Fundi viatu alijiegemeza kitini, akainua kidevu.

"Basi na ndevu," alisema.

Chiriku akashika ufagio, na maneno yote aliyokuwa ameyabana kwa muda mrefu yakaanza kumtoka.