Kiwanja Alichokilipia Fundi Cheche

Kulipopambazuka, dobi alikuwa ameshainamia karai. Nguo za watu hazijali kama umefiwa. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yamelowekwa tangu jana, na sare za wauguzi zilingoja kutiwa bluu. Alifua, akasuuza, akakamua, kisha akajitwika beseni na kwenda kuanika kwenye kiwanja cha jirani.

Kiwanja hicho hakikuwa na mtu. Kilikuwa na magugu, na katikati palikuwa na shimo la msingi wa nyumba ambayo haikujengwa. Mvua ikinyesha, shimo hujaa maji ya kijani, mbu wakazaliana humo. Mwenyewe aliondoka zamani, hata majirani walikuwa wamesahau sura yake. Mume wa dobi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Ndiye aliyefyeka upande mmoja wa kiwanja na kusimika nguzo za kamba za mke wake.

Cheche aliugua kifua kwa muda mrefu. Mwishoni sauti yake ilikwisha, ikabaki pumzi tu. Alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Kile kiwanja nimekilipia. Msihangaike." Mama yake Cheche alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, naye akasikia. Baada ya hapo Cheche hakusema tena neno la kueleweka mpaka akafa.

Mvua zilipoanza, dobi alianika nguo ndani. Mashuka yalining'inia juu ya kitanda cha mamamkwe, yakamdondoshea maji usoni. Mamamkwe alisema wanamwosha kabla hajafa. Lakini mashuka yalitoka na harufu ya uvundo, na watu wa nyumba ya wageni wakasema wakiletewa mengine ya namna hiyo watatafuta dobi mwingine. Bila wao, nyumba ya dobi ingelala njaa.

Dobi akawaza. Kiwanja ni chetu, kimeshalipiwa. Nijenge chumba cha kukaushia nguo na kupigia pasi.

Akauza mashine ya kuchomelea ya marehemu. Ilipopakiwa kwenye mkokoteni, mamamkwe aligeukia ukutani. Kwa sehemu ya fedha hiyo dobi alinunua matofali, akamwita mwashi. Ukuta ulikuwa umefika magotini alipokuja mama mmoja mwenye gamu na karatasi. Alikuwa afisa wa halmashauri, na watu walimjua kwa jina la Dada Kodi. Alibandika tangazo kwenye nguzo ya kamba. Kiwanja kilidaiwa kodi ya miaka mingi, na halmashauri ilikuwa inaomba mahakama iruhusu kipigwe mnada.

Dobi alijifuta mikono, akamwambia kwa upole kwamba wamekosea. Akaingia ndani, akatoka na stakabadhi aliyoikuta katika mfuko wa koti la mumewe. Afisa aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa juu ya matofali.

"Mama, nani alikwambia kiwanja hiki ni chako?"

"Mume wangu. Alisema amekilipia."

"Ni kweli amekilipia. Amekilipia kodi ya mwaka mmoja. Lakini ona hapa, jina la mwenye kiwanja ni la mtu mwingine. Mumeo ameandikwa kama mtu aliyeleta fedha tu." Akamrudishia karatasi. "Kulipia kodi si kununua, mama. Ukimlipia jirani ada ya shule ya mtoto wake, mtoto hawi wako."

Dobi alitazama ule ukuta wa magotini. Mashine ilikuwa imekwenda, na ukuta umesimama juu ya ardhi ya mtu.

Mamamkwe alisikia yote akiwa mlangoni. "Kwa hiyo mwanangu ni mwongo," alisema. "Yuko chini ya udongo, hawezi kujibu, na nyinyi mmekaa juu ya matofali mnamwita mwongo."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Siku ile hakula, na kesho yake pia alikisukuma chakula cha dobi pembeni.

Siku ile ya tangazo Dada Kodi hakuondoka upesi. Alimwambia dobi asimamishe ujenzi siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukijenga kwa mtu unaweza kubomolewa. Akamweleza kwamba njia halali zipo. Ya kwanza ni kumtafuta mwenye kiwanja, au warithi wake kama amefariki, na kununua kwake. Asipopatikana, ni kungoja mahakama iamue, kisha kununua mnadani mbele ya watu.

"Na ukinunua mnadani usikimbilie kujenga," akasema. "Uliza kwanza kama sheria inampa mwenyewe muda wa kulipa deni na kukikomboa. Usimpe fedha mtu wa njiani anayesema atakusaidia. Anza ofisi ya ardhi."

Dobi alikwenda. Alilipia upekuzi, maana yake ofisi iangalie kumbukumbu zake. Wakamwambia jina la mwenye kiwanja, na kwamba hakikuwekwa rehani wala hakina kesi nyingine zaidi ya deni la kodi. Anwani ilikuwa ya zamani, lakini fundi viatu wa mtaa huo alijua mwenyewe alikohamia.

Alimkuta mzee mwenye macho yenye ukungu, akiishi na binti yake katika chumba cha nyuma kisichopata jua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema lile shimo alilichimba na mke wake, zamu kwa zamu. Mke alikufa kabla ya tofali la kwanza. Toka hapo hakuweza kupita mtaa ule, na kodi ikajilimbikiza.

"Nilidhani wameshakichukua," alisema. "Huyo mumeo tulijuana?"

"Hapana, baba. Nafikiri aliogopa kikiuzwa nitakosa pa kuanika."

Mzee alijisogeza karibu naye. "Basi alinilipia mimi bila kunijua. Nitawauzia, na kodi ya mwaka aliyolipa mtaitoa kwenye bei."

Binti yake aliridhia. Walikwenda kwa wakili, wakaandikiana mbele ya mashahidi. Sehemu ya bei ililipa deni la kodi kwanza, na dobi aliipeleka mwenyewe katika ofisi ya halmashauri, kwa fedha ya mashine iliyosalia. Tangazo la mnada likaondolewa. Sehemu iliyobaki angempa mzee kidogo kidogo, nayo iliandikwa. Kisha wakaomba hati ihamishwe. Ofisi ilimwambia njoo kesho, akaja. Ikamwambia njoo wiki ijayo, akaja. Wakati huo nyumba ya wageni ilikuwa imeshahamia kwa dobi mwingine, na chakula cha jioni kilikuwa uji mwepesi.

Hati ilipotoka ilikuwa na jina lake. Mwashi alimalizia chumba, kidogo kuliko alivyokitamani. Shimo likafukiwa kwa kifusi, na mbu wakapungua. Wauguzi hawakumwacha, na baada ya muda nyumba ya wageni ilirudisha nusu ya mashuka yake.

Siku ya kwanza ya kupiga pasi mle ndani, mvua ilikuwa inanyesha. Mamamkwe aliingia taratibu, akagusa shuka kavu, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mwanangu hakusema uongo?" aliuliza.

"Hakusema uongo, mama. Alisema amekilipia, na kweli alikilipia. Sisi ndio tuliosikia amekinunua."

Mamamkwe aliitikia kwa kichwa polepole. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Sasa tumekilipia?"

Dobi aligeuza shuka upande wa pili.

"Sasa tumekinunua, mama. Kukilipia ni kila mwaka."