Maji Ambayo Hayakuwepo

Kila alipotoka shule, Simaloi alikuwa na kazi tatu: kuwanywesha ndama, kufagia uwanja, na kuichaji simu ya mama yake. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Aliichomeka kwenye waya wa sola, kisha akakaa kando yake kama kuku anayeatamia, asiondoke mpaka ijae.

Nyumba yao ilikuwa Kisongo, upande wa pili wa uwanja wa ndege. Baba yake alikuwa dereva wa watalii, na wiki hiyo alikuwa mbugani na wageni, mahali ambapo simu hushika kwa bahati. Mama yake, Evaresta, alikuwa mtaalamu wa mifugo. Wafugaji walimwita daktari. Ng'ombe akivimba tumbo au mbuzi akianza kukohoa, mtu alipiga simu, na mama Simaloi akavaa mabuti yake na kuondoka.

Simu yenyewe ilitumwa na shangazi kutoka ng'ambo. Ilipofika ilikuwa imefungwa na kampuni ya huko, haikukubali laini ya Tanzania hata kidogo. Mama aliipeleka mjini kwa fundi Kajal, naye akaifungua kufuli. Siku ile Simaloi alikuwa amesimama pale pale, akasikia kila neno.

"Sasa itapokea laini yoyote," Kajal alisema. "Ila kuna siku itakuandikia kwamba kuna toleo jipya, ubonyeze ili ijisasishe. Usibonyeze! Ukibonyeza, kufuli linarudi. Niletee kwanza."

"Umesikia, Simaloi?" mama aliuliza. Alijua ni nani mwenye vidole vyepesi.

"Nimesikia, mama."

Ni kweli alisikia. Lakini Ijumaa moja rafiki yake Naipanoi alimsimulia darasani juu ya mchezo wa magari yanayopanda mlima wenye theluji, na siku nzima Simaloi hakufikiria kitu kingine. Aliporudi nyumbani, kabla hata ya kuwagusa ndama, aliupakua mchezo ule kutoka mahali ambapo Naipanoi alimwelekeza. Mchezo ukakataa kufunguka. Kioo kikaandika: "Sasisha simu yako kwanza."

Simaloi akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu, isipokuwa mdogo wake Elinami aliyekuwa akimfukuza jogoo.

"Mara moja tu," akajiambia, akabonyeza.

Simu ilizimika, ikawaka, ikaonyesha mstari mweupe uliojaza nafasi yake polepole kama mchwa anayepanda ukuta. Ilipoamka, mchezo ulifunguka na magari yalianza kunguruma. Simaloi alicheka kwa furaha. Kisha akaona maneno juu ya kioo, pale alama za mtandao zilipokuwa: "Laini haikubaliki."

Akaizima, akaiwasha. Akaitoa laini, akaifuta kwa upindo wa sketi, akairudisha. Akaunyanyua mkono juu kana kwamba mtandao umejificha kwenye dari. Wapi! Maneno yalibaki vilevile. Akaufuta mchezo, na hilo nalo halikusaidia.

Mama aliporudi, jambo la kwanza lilikuwa kuitazama simu. "Mbona haina mtandao? Imepatwa na nini?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi, lakini Simaloi hakulitoa. La uongo likateleza lenyewe. "Iliniponyoka, mama. Ikaanguka kwenye ndoo ya maji ya ndama. Niliitoa haraka sana."

Alingoja kugombezwa. Mama hakugomba. Aliipangusa simu kwa kitambaa, akaifukia ndani ya ndoo ya mchele ili unyevu ukauke, kama majirani wote wafanyavyo.

Elinami akachungulia ndoo. "Mama, leo tunakula wali wa simu?"

"Leo tunakula ugali," mama alisema. "Mchele una mgeni."

Wote wakacheka, ila kicheko cha Simaloi kilikuwa kikavu. Wakati wa kula, mama alieleza kwa nini alikuwa na wasiwasi. Kesho yake gari la chanjo lingefika Kisongo. Homa ya mapafu ilikuwa imeonekana kwa ng'ombe wa kata ya jirani, na wafugaji walikuwa wakiisubiri chanjo ile kwa hamu. Dereva, Sylvanus, angepiga simu akikaribia, kuuliza ashushe dozi ngapi, na orodha ya mifugo yote ilikuwa ndani ya simu. Asipompata mtu, angepitiliza mpaka Monduli, kwa sababu chanjo hukaa kwenye kasha la barafu na barafu haisubiri.

Mama alijaribu kuihamishia laini kwenye kitochi, simu yake ndogo ya zamani ya vitufe. Laini ilikuwa imekatwa ndogo mno, ikapwaya kama jino la mtoto.

Asubuhi, jua lilipoanza kuugusa Mlima Meru, mtu aliita nje. Alikuwa Mzee Yiamat, mashuka yake yamelowa umande mpaka magotini. Simaloi aliinamisha kichwa, na mzee akamgusa utosini kumwamkia, lakini macho yake yalimtafuta mama.

"Daktari, nakupigia tangu jana jioni! Simu haipatikani. Mtamba wangu anazaa, na ndama hatoki. Ameanza kulegea."

Mama alikuwa tayari ameshika mfuko wake. "Simu imeingia maji, mzee. Pole sana. Twende." Akamgeukia binti yake. "Nenda mjini kwa anti Kajal. Mweleze kila kitu kilichotokea, umsubiri mpaka aitengeneze. Elinami atabaki kwa jirani. Ukimaliza, utanikuta kwa Mzee Yiamat."

Simaloi aliwatazama wakienda mbio mbio juu ya nyasi zenye umande, na moyo wake ukawa mzito kuliko ndoo ya mchele.

Kajal alikuwa na meza yake kwenye kona ya duka la vitambaa la baba yake. Babu yake alikuwa fundi saa kwenye kona hiyo hiyo, na bisibisi zake ndogo bado zilikuwa zikifanya kazi mikononi mwa mjukuu.

"Shikamoo anti."

"Marahaba, Simaloi! Habari za Kisongo? Enhe, mgonjwa wetu ana nini?"

"Iliingia maji," Simaloi alisema akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Haya. Tuanze na laini." Kajal aliichomoa, akaiweka kwenye simu yake mwenyewe. Mara ikashika mtandao. "Laini ni nzima kabisa. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye..."

Hakumaliza. Simu ilianza kulia mfululizo, ujumbe ukiingia juu ya ujumbe. Kajal akasoma. "Kuna namba moja imemtafuta mama yako mara kumi na moja. Ya kwanza jana saa kumi na mbili jioni. Ya mwisho alfajiri hii. Unaijua?"

Simaloi aliijua. "Ni ya Mzee Yiamat," alisema.

Kajal akavaa miwani, akaifungua simu kwa subira, parafujo moja baada ya nyingine, kila moja ndogo kama mbegu ya mchicha. Akapuliza. Akachunguza kwa lenzi. Akapima betri, akasafisha waya wa antena, akajaribu tena. Dakika zilipita. Saa ya ukutani ikafika saa nne, ikaivuka.

"Ajabu," Kajal alisema hatimaye. Alimwonyesha kikaratasi kidogo sana ndani ya simu. "Unakiona hiki? Maji yakikigusa tu, kinakuwa chekundu. Tazama kilivyo."

Kilikuwa cheupe pee.

Kajal hakupaza sauti. Aliivua miwani yake na kusema, "Simaloi, mimi nimekaa mezani hapa miaka minane. Kila mteja huniambia, 'Sijafanya kitu, imejizima yenyewe.' Nimezoea. Lakini nikidanganywa, natibu ugonjwa usiokuwepo, na ule uliopo unabaki pale pale. Simu ilifanya nini kabla ya kupoteza mtandao?"

Simaloi alifikiria simu zile kumi na moja, na mzee akipiga gizani, ng'ombe wake amelala chini. Machozi yakamtoka. "Haikuingia maji, anti. Nilipakua mchezo. Nikabonyeza ile ya kusasisha. Ulitukataza, nami nikabonyeza."

"Ala! Kumbe!" Kajal akacheka, tena kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mtoto wewe, nimetafuta maji saa nzima! Ungesema ulipoingia mlangoni, sasa hivi ungekuwa unakaribia nyumbani."

Akafanya kazi haraka. Alimwonyesha kipande chembamba kama gamba la kitunguu kilichobandikwa juu ya laini. Hicho ndicho kilichoifanya simu iamini kwamba bado iko katika kampuni yake ya kwanza. Simu iliposasishwa iliacha kukiamini kipande kile, kwa hiyo ilihitaji kupewa namba mpya ya kufungulia. Kajal aliandika tarakimu kadhaa, akaizima simu, akaiwasha. Vijiti vya mtandao vikasimama kimoja baada ya kingine, vyote vinne.

"Simu iliyofunguliwa kufuli ni kama boma lisilo na mlango," alisema akiirudishia kifuniko. "Wewe unapita utakavyo, na fisi naye anapita. Usipakue kitu kutoka mahali usipopajua. Ikipata moto sana, au chaji ikiisha ghafla, au programu zikijifunga zenyewe, jua kuna fisi ndani. Ilete. Na ukija, uje na ukweli."

"Nitakuja nao, anti. Je, utamwambia mama?"

"Kutengeneza simu ni kazi ya fundi. Hiyo nyingine ni kazi yako."

Simaloi alikuwa bado kizingitini simu ilipolia. Alikuwa Sylvanus. "Daktari? Niko karibu kufika. Nishushe dozi ngapi?"

"Shikamoo. Mimi ni binti yake. Tafadhali subiri kidogo." Aliifungua orodha. "Ng'ombe mia tatu na kumi na wawili. Mama yuko kwa Mzee Yiamat, boma la pili baada ya shule."

"Mia tatu na kumi na wawili. Nitaongeza kidogo, maana wafugaji nawajua. Asante, mwanangu."

Saa sita na nusu Simaloi alifika kwa Mzee Yiamat akihema. Ng'ombe walijaa uwanja mzima, vumbi limetanda, na gari la chanjo liliegeshwa kivulini. Kando ya zizi, mtamba alikuwa akimlamba ndama wa kike, miguu ya ndama ikitetemeka kama ya kiti kibovu. Mama alikuwa ananawa mikono.

"Amepona?" Simaloi aliuliza.

"Wamepona wote wawili. Ila tulichelewa. Nusu saa zaidi tungempoteza mama au mtoto." Mama akatabasamu. "Simu imepona?"

Simaloi angeweza kusema "ndiyo" tu, na mambo yakaishia hapo. Badala yake aliinamisha kichwa, akasema yote tangu mwanzo: mchezo, kubonyeza, ndoo isiyo na simu, na simu kumi na moja za mzee. Aliyasema mbele ya Mzee Yiamat, kwa kuwa ng'ombe alikuwa wake.

Mama alijifuta mikono. Kisha akamketisha kwenye jiwe.

"Kukosea sikushangai," alisema. "Mimi pia nimekosea mara nyingi. Lakini sikiliza. Mfugaji akiniambia ng'ombe wake amekula majani tu, kumbe ameingia kwenye mahindi ya jirani, nitampa dawa isiyo yake, na ng'ombe atakufa mikononi mwangu. Hatakufa kwa kutojua kwangu, atakufa kwa uongo wa mwenyewe. Kosa hili ungelisema jana, lingetugharimu safari moja ya mjini tu. Kosa ulilolificha lilikaribia kutugharimu maisha ya ndama huyu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna dawa."

"Nisamehe, mama. Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe," mama alisema. "Na kwa mwezi mzima, kila Jumamosi, utanibebea mfuko wa dawa. Mchezo utasubiri."

Mzee Yiamat alikuwa ameegemea fimbo yake. Sasa akakohoa. "Mtoto huyu amenitia aibu," alisema.

"Amekuomba radhi, mzee," mama alisema.

"Sisemi hivyo, daktari. Ulipokuja kuandika orodha, nilikuambia nina ng'ombe ishirini." Akajikuna shingo. "Sisi hatupendi kuwahesabu mbele za watu. Wengine nimewaficha kule korongoni. Wote pamoja ni thelathini na wanne."

Sylvanus aliangua kicheko hadi akaushikilia mlango wa gari. Mama naye alicheka, akamgeukia Simaloi aliyeshika simu.

"Futa ishirini," alisema. "Andika thelathini na wanne. Na wewe mzee, mwite kijana akawalete upesi. Barafu inayeyuka."