Jiwe Nililompa Kanze

Kila asubuhi kabla ya shule nilimpelekea baba uji machimboni. Baba yangu, Othman, alikuwa mkata mawe hapa Bongwe. Alikata matumbawe, yale mawe yenye matundu tunayojengea nyumba, na mengine aliyachoma katika tanuri ili apate chokaa. Jiwe likitoka tanurini huwa jeupe na jepesi, na sheria ya baba ilikuwa moja tu: jiwe hilo lisikutane na maji karibu na mkono wa mtu, kwani huchemka na kuunguza. Nilimwamkia, akaniitikia, nikachukua kibuyu kitupu na kukimbilia shule. Huko nilikuwa wa kwanza tangu darasa la tatu, na sikumwacha mtu asijue.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa uhuru. Jumatatu moja Mwalimu Randu alitutangazia kwamba gari la sinema litakuja Jumamosi na filamu kuhusu ardhi: jinsi milima inavyotema moto, mito inavyochimba mabonde, na sakafu ya bahari inavyoinuka na kuwa nchi kavu.

"Filamu inasema Kiingereza," alisema. "Wazazi wataalikwa. Mmoja wenu atasimama mbele awaelezee kwa Kiswahili."

Nilianza kuinuka kabla hajamaliza.

"Kanze," alisema.

Kanze! Alikuja mwaka juzi tu kutoka upande wa Kinango, akakaa kwa shangazi yake. Bahari yenyewe hakuwa ameiona mpaka alipofika kwetu. Nilimfuata mwalimu nje.

"Mwalimu, kwa nini si mimi?"

"Wewe unasoma vizuri, Waridi. Lakini Kanze asipoelewa huuliza, na akishaelewa huweza kumweleza hata bibi yangu."

Jibu hilo lilinichoma zaidi. Wiki nzima nilimtazama Kanze akikaa na kile kijitabu cha maelezo ya filamu, nikatamani kipotee.

Alhamisi alinijia wakati wa mapumziko. "Waridi, naomba unisaidie. Kijitabu kinasema mawe ya pwani hii zamani yalikuwa viumbe vya baharini. Nataka kuwaonyesha wazazi jiwe lenye alama ya kombe, lile ganda la baharini. Nitalitumbukiza katika beseni ya maji, alama ing'ae. Je, baba yako hana moja?"

"Analo," nilisema. "Nitakuletea."

Nililichukua tanurini jiwe lililokwisha kuchomwa, alama ya kombe bado inaonekana ubavuni. Nilijua likiingia majini litavunjikavunjika na kuwa uji mweupe. Akilini niliona vicheko vya watu, nikaona Kanze anainamisha kichwa. Mikono yake sikuifikiria hata kidogo.

"Mbona jepesi hivi?" aliuliza Kanze nilipompa.

"Mawe ya pwani ndivyo yalivyo," nilimjibu.

Jumamosi alasiri tuliziba madirisha ya darasa kwa majamvi. Gari la sinema lilinguruma nje, na ukutani, juu ya shuka nyeupe, mlima ulitema moto. Kanze alisimama kando akieleza. "Ndani ya mlima kunatokota kama chungu kilichofunikwa," alisema, na wazee waliitikia, "Eee!" Shangazi yake alijifuta machozi kwa leso. Kila walipomsifu, nilizidi kuisubiri ile beseni ya maji.

Filamu ikaisha, majamvi yakaondolewa. Kanze alilishika jiwe kwa mikono yote miwili, akaliinua watu walione, kisha akainama. Vidole vyake vilikuwa vinashuka pamoja na jiwe. Hapo ndipo nilipoiona mikono ile.

"Kanze, usilitie majini!" nilipiga kelele. "Limetoka tanurini!"

Baba aliruka kutoka benchi la pili, akalichukua jiwe mikononi mwa Kanze na kulipima uzito. Uso wake ulibadilika.

"Nani amempa mtoto huyu jiwe hili?"

"Mimi, Baba."

"Umekosea, mwanangu? Umechanganya mawe?"

Kwa swali hilo alinifungulia mlango wa kutokea. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni, na watu wote wangeliamini.

"La," nilisema. "Nilijua. Nilitaka aaibike."

Hakuna aliyecheka. Baba aliwaambia watu warudi nyuma, akalidondosha jiwe ndani ya beseni. Maji yalichemka yakilia, mvuke ukapanda, na jiwe likapasuka likawa uji mweupe. Kanze aliitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi. Nilitamani anitukane.

Hakunitukana. Alichota maji mengine mtungini, akaurushia ukuta wa darasa pale ambapo haukupigwa lipu. Alama ya kombe iling'aa.

"Wazazi," alisema, "tumekaa ndani ya bahari ya zamani." Wazee waliinuka mmoja mmoja kwenda kuugusa ukuta.

Tulipokaribia nyumbani baba aliniuliza.

"Kanze amesifiwa leo. Wewe umepungukiwa na nini?"

"Sikupungukiwa na kitu, Baba."

"Wiki nzima umebeba wivu, hukuungua," alisema. "Jiwe la tanurini nalo halimwunguzi mtu likiwa kavu. Lakini siku ya maji ingefika, na wa kuungua angekuwa mwenzio. Ukiona wivu moyoni, useme mapema, kwangu au kwa mwalimu, kama ulivyousema leo mbele ya watu. Kusema kwako ndiko kulikoiokoa mikono ya Kanze. Na wewe pia."

Jumatatu nilimwomba Kanze radhi, nikampa jiwe jingine lenye kombe. Alilipima mkononi kwa muda mrefu kabla ya kulitia mkobani. Sikuudhika. Nilisimama nikamngoja mpaka aliporidhika.