Chapa ya Jani na Tone

Mama Povu na mumewe hupika sabuni uani kwao. Jina la Povu alipewa na majirani, kwa kuwa maneno hayamkauki mdomoni. Mume huchanganya mafuta na maji ya magadi ndani ya pipa. Mke hukoroga kwa mwiko mpaka mkono unakufa ganzi. Sabuni ikishaganda, huikata vipande na kukigonga kila kipande chapa ya mbao. Chapa hiyo ina jani na tone. Jani ni lao. Tone ni la Bibi Kinu, mjane anayekamua mafuta ng'ambo ya daraja.

Watu wa pande hizo mbili waliwahi kupigana. Maduka yalichomwa, watu wakafa. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuvuka daraja, hadi mume huyu mpika sabuni alipovuka na ndoo zake kwenda kununua mafuta. Wapo waliomwita msaliti. Lakini yeye alilipa bei ya haki, naye Bibi Kinu hakuwahi kuyatia maji mafuta yake. Polepole wengine walifuata: wa nafaka, wa ndala, wa kuku. Ndiyo maana chama cha wafanyabiashara kilitangaza kwamba Jumamosi kitamheshimu mpika sabuni mbele ya watu sokoni.

Mama Povu alifurahi siku moja tu. Asubuhi iliyofuata, alipofungua geti afagie, alikuta limechorwa kwa mkaa. Ilikuwa picha ya nyumba inayowaka moto. Aliifuta haraka kwa kitambaa na hakumwambia mumewe. Yeye asiyekaukiwa maneno, siku hiyo alikaukiwa.

Aliwaza kwamba wachoraji wanalichukia lile tone, na likiondoka watawaacha. Mumewe alipokwenda kwenye kikao cha chama, yeye alichukua kisu akalikwangua kwenye chapa. Sabuni za siku ile zikaenda sokoni zikiwa na jani peke yake.

Siku ya kuletewa mafuta ilifika, mafuta hayakufika. Darajani hapakuwa na mkokoteni hata mmoja. Huku ilisemekana ng'ambo wananoa mapanga. Ng'ambo nako ilisemekana huku wananoa. Nani aliyaona hayo mapanga? Hakuna. Hata hivyo maduka yalianza kufungwa mapema. Mama Povu alitia komeo getini mchana kweupe, na kila aliposikia hatua nje alikwenda kuchungulia.

Jirani yao wa ukuta mmoja, afisa ushirika, alikuja kununua sabuni. Alikigeuza kipande mkononi.

"Mama Povu, tone liko wapi?"

Mume akasogea kutazama. Hapo Mama Povu alilia, akasema yote.

"Ungeniambia, mke wangu."

"Ningekuambia ungetoka na rungu."

"Ningetoka," mume alikubali.

Afisa ushirika alikaa nao. "Anayechora kwa kujificha anataka mnyamaze," alisema. "Mkinyamaza, kila upande unabaki na uvumi wake. Siku nyingine msifute. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa, polisi na chama, waone kwa macho yao. Na mwenzenu wa ng'ambo mwambieni ukweli leo hii. Chama nacho kijue kwamba kumheshimu mfanyabiashara mwema si kumvika shada tu. Ni kusimama naye anapotishwa."

Walitoa taarifa kwanza kwa mwenyekiti, polisi na chama, kisha wakavuka daraja wote watatu. Upande wa pili watu waliwatazama bila kuwasalimu. Walipofika kwa Bibi Kinu, Mama Povu aliona mlango wake una alama ya mkaa iliyofutwa vibaya. Ilikuwa nyumba inayowaka moto.

"Shikamoo, mama. Na wewe umechorewa?"

"Na mimi," alisema Bibi Kinu. "Nilinyamaza. Nilipoona sabuni haina tone langu, nikajua mmetutupa. Ndipo nikazuia mafuta."

"Nililifuta mimi, mama, kwa woga. Nisamehe."

Bibi Kinu alimshika mkono. "Basi tumeogopa pamoja bila kujuana."

Jumamosi polisi walisimama darajani, na soko lilijaa watu wa pande zote mbili. Mpika sabuni alikataa kupanda jukwaani mpaka Bibi Kinu awe kando yake. Wenye maduka wa huku na wa kule waliahidi mbele ya watu kwamba mmoja wao akitishwa, wote watakwenda kwake. Kisha chama kikawapa hao wawili chapa mpya ya chuma, yenye jani na tone.

"Hiyo itakuvunjia kisu," mume alimnong'oneza mkewe.

Mchoraji hajajulikana hadi leo, na Mama Povu bado anaogopa. Wiki iliyofuata geti liligongwa kwa nguvu. Alisimama uani na mwiko wake. Kutoka upande wa pili wa ukuta, jirani aliuliza kama kuna tatizo.

"Ngoja nisikie," alijibu Mama Povu. Kisha akapaza sauti. "Nani hapo?"

"Mafuta."

Akavuta komeo.