Siku Kalunde Alipovua Mkanda-mwendo

Asubuhi hiyo jijini Tabora, maelfu ya watu walikwenda kazini bila kutazama njia. Macho yao yalikuwa kwenye vioo-hewa vilivyoelea mbele ya nyuso zao. Huyu aliandika ripoti, yule aliendesha mkutano. Miguu iliongozwa na mkanda-mwendo, mashine nyembamba ya kiunoni iliyosoma mizani ya mwili na kuamuru kila hatua. Hakuna aliyejikwaa. Aliyeubuni ni Mhandisi Kalunde.

Wakati huohuo, katika maabara yake, Kalunde alikuwa akimpima Shija, mpeleka vifurushi aliyeuvaa mkanda huo kwa miaka tisa.

"Vua mkanda, kaka. Tembea mpaka ukutani huku ukinitajia majina ya wanao."

Shija alipiga hatua mbili. "Wa kwanza Mbuke, wa pili..." Akasimama. Alipoinua mguu, jina lilimpotea. Alipolipata jina, mguu ulikosa pa kukanyaga, akaanguka kifudifudi.

"Dada, nimekuwaje?"

Kalunde alimwinua. Huyu alikuwa wa arobaini na moja, na wote walianguka. Ubongo uliopumzishwa kazi ya kutembea ulikuwa umeisahau.

Ndaki, mkurugenzi wa kampuni iliyouza mikanda hiyo, aliyasoma matokeo, kisha akayafuta. "Kesho tunawavisha watoto wa shule. Wewe panda jukwaani, utabasamu."

"Nitapanda," alijibu Kalunde.

Kesho yake uwanja ulifurika wanafunzi na walimu wao, mikanda mipya mikononi. Mbele ya kamera zote, Kalunde alifungua mkanda wake akautupa chini.

"Huu nimeutengeneza mimi," alisema akianza kutembea, "na mimi..."

Akayumba, akapiga magoti. Watu waliguna. Ndaki akapaza sauti, "Mvisheni upesi!" Roboti mlinzi akaja na mkanda.

"Usiniguse!" Kalunde aliusukuma mkono wake wa chuma. "Niache nianguke."

Akainuka, goti linavuja damu. Alipiga hatua, akasimama, akasema neno. Hatua nyingine, neno jingine.

"Siwezi... kutembea... nikisema. Msiwavishe... watoto."

Mwalimu mmoja wa kike alikusanya mikanda ya wanafunzi wake, akaibwaga miguuni pa Ndaki.

"Darasa langu halivai," alisema. Walimu wengine wakamfuata.

Ndaki alimgeukia Kalunde. "Umejifukuzisha kazi!"

Kalunde hakujibu. Alihitaji akili yake yote kwa ajili ya ngazi za jukwaa. Alizishuka moja moja, akaanguka mara mbili, na kila aliyenyoosha mkono kumsaidia alitikisiwa kichwa.