Ubao wa Mwalimu Serizawa

Kila asubuhi Chinatsu alifika kabla ya wenzake, akabadili viatu mlangoni, akaufuta ubao kwa kitambaa kibichi, kisha kikavu, mpaka ukang'aa. Mwalimu Kuwabara akiingia husema, "Mikono ya nani hii?" Maneno hayo yalimtosha Chinatsu kutwa nzima.

Lakini tangu aje Mwalimu Serizawa, kijana aliyetoka chuoni juzi tu, Mwalimu Kuwabara hakuuona tena ubao. Kila mapumziko alikuwa na huyo kijana, wakipanga somo ambalo walimu wote wangekuja kulitazama.

"Umenyang'anywa mwalimu wako, Bibi Ubao!" mwanafunzi mwenzake Isamu alimtania.

"Kafute wali puani kwanza!"

Siku ya somo hilo, Serizawa alifundisha darasa lao, walimu wa shule nzima wamesimama nyuma wakitazama. Isamu alitafuta eneo la msambamba, lile umbo la pande nne lililoinama upande, kwa kuzidisha pande zake mbili. Serizawa akaliandika jibu lile ubaoni, kisha akachukua fremu ya vijiti vinne yenye umbo lile, akaiinamisha mpaka ikakaribia kulala bapa. Pande zilikuwa zile zile, ila ndani hamkubaki nafasi. Darasa zima likasema, "Aaa!"

Hakufuta hata nukta. Ndivyo ilivyo shuleni kwetu: baada ya somo, walimu wapya kwa wakongwe huketi mbele ya ubao ule ule, wakiulizana kipi kimefaa na kipi hakikufaa.

Chinatsu alimwona Mwalimu Kuwabara akitabasamu kule nyuma. Moyo ukamchoma. Wakati wa usafi, wenzake wakisugua ukumbi, akaufuta ubao wote.

Walimu walipoingia, Serizawa alipauka. Akainama mpaka kiunoni. "Nisameheni. Nilisahau kuwaambia watoto wasifute."

Hakuwa amesahau. Alikuwa amemwambia Chinatsu yeye mwenyewe, tena kwa upole.

"Aliniambia," Chinatsu akasema, kitambaa kikimdondoshea maji miguuni. "Nilifuta makusudi. Mwalimu Kuwabara, tangu aje yeye, wewe hunioni."

Mwalimu Kuwabara akamtia chaki mkononi. "Basi turudishie. Ulikuwepo."

Chinatsu akachora. Alipokwama, Serizawa alimkumbusha. Jibu la Isamu nalo akaliandika, na kosa lake.

"Hapo ndipo nilipotabasamu," Mwalimu Kuwabara akasema. "Mimi kosa hilo nalifuta upesi tangu mama yako akiwa darasa hili. Huyu ameliacha, nyote mkaelewa. Anajifunza kwangu, nami kwake. Wivu, mwanangu, ungetunyima sote somo hili, na wewe ukiwemo."

Kisha akarudi nyuma hatua moja, akautazama ubao.

"Mikono ya nani hii?"